Upande wa Pili wa Kaseti

Soko la Sur, mji wa pwani ya Uarabuni, lilijaa alasiri ile, na Khole alikuwa akigombana na zipu ya sanduku la safari. Pindo la gauni lake la manjano lilichungulia chini ya baibui, na jasho lilimtoka puani.

"Zipu hiyo haifiki Bombay," mtu alisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana wa kanzu nyeupe, kofia imelalia upande mmoja, anatabasamu.

"Nani kakwambia nakwenda Bombay?"

"Bi mkubwa kamwambia mwenye duka. Soko zima limesikia."

Bi Ghaniya, mamake Khole, aliyesimama kando yao, alikuwa na mtoto wa jicho na mdomo usioweka siri. Alikuwa akenda kufanyiwa operesheni, na Khole, mwalimu wa skuli ya wasichana, ndiye wa kumpeleka. Alikuwa na khofu, ila hakumwambia mtu.

"Shikamoo, bi mkubwa," kijana aliamkia. Jina lake Nadhir, mzaliwa wa Unguja, kasoma Bombay miaka minne, sasa yuko ofisi ya simu. "N'takurekodieni kaseti, muujue mji kabla hamjafika."

"Marahaba, mwanangu. Allah akubariki."

Mwaka ule wa 1983 watu walipelekeana kaseti kuliko barua. Ya Nadhir ilifika kesho yake, na walipofika Bombay Khole akaisikiliza kila jioni, dirisha la nyumba ya wageni li wazi.

"Khole, amka mapema uusikie mji: kunguru, muuza maziwa, adhana, kengele za hekalu, vyote pamoja. Treni panda behewa la wanawake, waache wanaoshuka wapite kwanza. Muuza nguo akitaja bei, cheka tu. Akitikisa kichwa huku na huku ukadhani anakataa, ujue kakubali. Na kwenye mkahawa wa Muirani agiza chai na mkate wa siagi. Chovya, usione haya."

Yote yalikuwa vile vile. Tena mzee mmoja muuza vitambaa, aliyewahi kukaa Unguja, alimkaribisha kwa Kiswahili, Khole akacheka hadi machozi. Khofu ilimtoka. Nadhir alipopiga simu, alimpokea kwa kelele.

"Nimechovya mkate!"

"Uliona haya?"

"Kidogo."

"Basi Bombay haijakuingia bado, habibti."

Neno lile la mapenzi lilimkosesha usingizi. Keshampenda, na alijua.

Siku ya pili, kwa hamu ya kumsikia zaidi, aligeuza kaseti. Ilitoka sauti ya mwanamke mtu mzima: "Nadhir mwanangu, Wadha anakungoja. Posa imekubaliwa, harusi baada ya Idi. Usinitie aibu."

Khole aliizima. Simu ya Nadhir ilipokuja, alimwambia karani wa nyumba ya wageni aseme kalala. Kesho yake kalala tena.

"Mbona huichezi kaseti?" Bi Ghaniya aliuliza, jicho limefungwa bendeji.

"Imeharibika, mama."

Waliporudi Sur, Nadhir alikuja na halwa kumjulia hali mgonjwa. Khole hakumtilia hata kahawa. Alimtupia kaseti mapajani.

"Kampe Wadha."

"Wadha gani?"

"Wa upande wa pili! Mwenye harusi baada ya Idi!"

Nadhir aliinama, akaishika kaseti kwa mikono miwili.

"Hiyo sauti ya mama. Alinipelekea Bombay mwaka wa sabini na nane. Nilikataa, Wadha akaolewa mji wa Samail, ana watoto. Mama alininunia, hakurekodi tena mpaka akafariki."

"Kwa nini hukuifuta?"

"Ndiyo sauti yake pekee niliyonayo, Khole. Kaseti tupu zilikuwa zimekwisha sokoni, nawe wasafiri. Nikarekodi upande mtupu. Sikufikiri utageuza."

Khole aliona haya, haya hasa, si za mkate. Wiki nzima alikuwa amemwadhibu mtu kwa kumpenda mamake.

"Nisamehe," alisema. "Na Mungu amrehemu."

"Amin. Wallahi wewe huna kosa. Bi mkubwa, nikiwaleta wazee Ijumaa, mtatupokea?"

Bi Ghaniya alimkodolea bintiye jicho lake jipya. "Jibu, mwanangu. Wamtaka?"

Khole alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, huku na huku.

"Ala! Unamkataa?"

Nadhir alikwishaanza kucheka. "Hanikatai, bi mkubwa," alisema, akijifuta macho. "Bombay imemuingia."