Duara Ndani ya Sahani

Kila siku ya shule naamka, nafagia uwanja, nakunywa chai, kisha natimua mbio kutoka nyumbani Nangara kama nimefukuzwa na kiboko wa ziwani. Jumatatu ile nilikimbia na kikopo cha unga wa kijani mkononi.

Madam Elieshi, mwalimu wetu wa biolojia, alikuwa amempangia kila mwanaklabu wa sayansi mmea wa kuleta, majani yakiwa yamekaushwa na kutwangwa. Mimi nilipangiwa mwarobaini. Mwarobaini uko kwa shangazi, kijiji cha mbali cha Sigino. Mpera uko dirishani kwetu. Miguu yangu ilipiga kura, mpera ukashinda. Nikatwanga, nikaandika kwenye kikopo: MWAROBAINI.

"Domitila, hiyo dawa au mboga?" Sele, mwanaklabu mwenzangu, alinichokoza.

"Dawa ya mdomo mrefu. Nikupimie?"

Madam aliloweka kila unga, akachuja, akachovya vipande vya karatasi katika maji yale. Akaviweka kwenye sahani za kioo alimopanda bakteria, akazifunika.

Kesho yake tuliinamia meza. Bakteria walikuwa wametanda sahani nzima kama ukungu. Lakini kuzunguka karatasi yangu palikuwa na duara jeupe pee, hata bakteria mmoja hakusogea.

"Wamekimbilia wapi?" nikauliza.

"Hawakuota kabisa," alisema Madam kwa sauti ya chini. "Ndani ya jani kuna kemikali iliyowazuia. Huioni, ila kazi yake ndiyo hiyo."

Nikainama zaidi hadi pua ikakaribia kioo. Jani ninalolikanyaga kila siku!

Madam akashika kalamu, akaandika jina langu. "Mwarobaini huu unakwenda maonyesho ya sayansi ya mkoa. Domitila, wewe ndiye utakayeueleza."

Makofi yakalipuka. Nikisema, safari yangu imekufa. Nisiposema, ajabu ile itapewa mti mwingine.

"Madam, samahani. Ule ni mpera."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Kumbe umetudanganya sote," Sele akasema, "pamoja na bakteria!"

Madam hakucheka. Alifuta jina langu, akaandika la Jacqueline, mwenzetu wa klabu. "Leta majani ya miti yote miwili, mabichi, niyaone kwa macho."

Jioni ile nilikwenda Sigino kwa miguu. Majani yalipokauka tulirudia jaribio, na duara la mpera likatokea tena. Nililitazama hadi shingo ikauma.

Madam akatukusanya. "Duara ni mwanzo tu. Wataalamu huitafuta kemikali yenyewe, huitenga, huipima miaka mingi kabla haijaitwa dawa. Kwa hiyo ukiumwa, nenda hospitali, usikimbilie kutafuna majani ya mpera." Akanigeukia. "Lakini kila anayefuata njia hiyo humwamini aliyeandika jina la kwanza. Akidanganya huyo, wote wanapotea, hata wawe na akili kiasi gani. Umekosa safari, mwanangu, ila umeturudisha njiani kabla hatujaenda mbali."