Hodi ya Bofu

Mwaka ule wa tisini na nane nilikuwa na kazi moja kila mchana: kumpelekea ndugu yangu Jaffar chakula ofisini Changamwe. Sisi kwetu ni Port Reitz, si mbali, naye akishakaa mbele ya kompyuta husahau kama ana njaa. Alikuwa fundi wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Kompyuta za Changamwe zilizungumza na kompyuta moja ya tawi lao dogo la Bofu, kule Likoni, kwa laini ya simu iliyopitia mjini. Karani wa Bofu alikuwa Mwanarehema, mkewe. Wifi yangu huyo, na nilimpenda kuliko nilivyompenda Jaffar siku nyingine.

Nasema mapema, mimi Kulthum si mtu wa kutishwa na hadithi za majini. Haya niliyaona mchana, jua linawaka, na mkono wangu ndio ulioyaandika.

Mwezi wa Februari waligombana. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika miaka ya nyuma, na siku hiyo, kwa jambo la upuuzi tu, Jaffar akamwambia mbele yangu, "Tumbo lako wewe ni kaburi." Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mwanarehema alifunga nguo zake akarudi kwa mamake Bofu, na ndugu yangu kwa kiburi chake hakumfuata. Nilimsema hata nikachoka.

Hata hivyo kila siku ya kazi Mwanarehema alimletea ujumbe kwenye kompyuta, mstari mmoja. Umekula? Wazima huko? Yote ilifika. Kisha Aprili ukaja mwingine: amemwandikia barua ndefu, je, ameipata? Jaffar hakuwa amepata kitu. Akapiga hodi.

Hodi ndilo jina alilotumia yeye. Unatuma alama chache Bofu, kompyuta ya huko kama iko hai inakurudishia zile zile, hazipungui hazizidi, na unaoneshwa zimechukua muda gani. Hodi moja huitikiwa mara moja, si mbili. Bofu ikaitika pale pale. Basi bwana mkubwa akamwandikia mkewe kwamba njia ni nzima, hakuna barua aliyotuma, na asimdanganye. Mwanarehema akasema ametuma tena. Akajibiwa vile vile. Mara ya tatu, vile vile.

Mwanzo wa Mei homa ilimshika Mwanarehema. Siku tatu tu. Alikufa Ijumaa, akazikwa kwao Bofu kabla ya magharibi.

Mtu akitaka kusafiri sisi huombana radhi, sembuse safari ile. Jaffar hakuwa ameomba. Siku ya arobaini alimpigia magoti mkwewe, Bi Dhahabu, akamuuliza kama Mwanarehema alikufa akiwa radhi naye. Bi Dhahabu alimwinua. "Radhi yako aliitia kwenye barua, baba," akasema. "Mara nne alikuandikia."

Ndugu yangu hakulala tena vizuri tangu siku hiyo. Alitaka ile barua. Hakutaka kitu kingine duniani.

Jumatatu yake nilimkuta ofisini anapiga hodi Bofu, nami akanipa karatasi nimwandikie tarakimu. Aliniambia amefanya ujinga. Hodi aliyokuwa akipiga siku zile ilikuwa ndogo, alama thelathini na mbili, lakini barua ndefu husafiri kwa vifurushi vya alama elfu na zaidi. Kupita mtoto mlangoni si kupita kabati. Akaanza kuongeza. Mia, ikaitika. Mia tano, ikaitika. Mia tano arobaini na nane, ikaitika. Mia tano arobaini na tisa, kimya. Akarudia mara kumi. Alama moja tu ikizidi, kimya.

Akanieleza huku ameshika kichwa. Pale mjini palikuwa na mtambo wenye mlango mwembamba. Vifurushi vya barua huandikwa visikatwe njiani, kwa hiyo kikizidi kile kipimo hutupwa, na mtambo humpelekea mtumaji taarifa kuwa mzigo ni mkubwa, apunguze. Taarifa hizo zilizuiwa kuingia Bofu. Aliyezizuia ni Jaffar mwenyewe, mwaka uliopita, alipoona zinamjazia kumbukumbu za mashine bila faida. Kompyuta ya mkewe haikuambiwa kitu. Ilituma, ikatupiwa, ikatuma tena.

"Hakunidanganya, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

Nililia pale pale. Kisha likanijia swali ambalo laiti nisingeliuliza. Tawi la Bofu lilikuwa limefungwa wiki mbili nyuma. Kule nani anaitika?

Jaffar alimpigia simu Mbwana, nduguye Mwanarehema, aliyekuwa mlinzi wa lile tawi. Mbwana alisema waya aliuchomoa kwa mkono wake. Kompyuta ameitia guniani, iko mvunguni mwa kitanda cha mamake, inangoja gari la kampuni. Alikwenda kuchungulia, akarudi kwenye simu. Gunia lipo, kamba haijafunguliwa.

Jaffar alikata simu. Akapiga hodi.

Ikaitika.

Nilitaka kutoka. Nikabaki na karatasi yangu. Jaffar alikuwa anatazama tarakimu ya muda. Mke wake alipokuwa hai, Bofu iliitika kabla hujapepesa jicho. Jumatatu ile ilichukua sekunde moja. Jumanne ikachukua nne. Jumatano, kumi na moja. Niliziandika zote.

"Anakwenda mbali," Jaffar akaninong'oneza.

Alhamisi ilikuwa sekunde ishirini na tano. Siku hiyo hakugusa chakula. Alikuwa amepata dawa ambayo haikuhitaji kitu chochote cha Bofu. Kompyuta mbili zikianza kuzungumza, kila moja huitajia nyingine kipimo inachoweza kupokea. Akaifundisha ya Changamwe iseme isipewe kifurushi kinachozidi alama mia tano thelathini na sita, chini kidogo ya kipimo cha ule mlango. Akamaliza. Akaweka mikono mapajani. Tukangoja.

Baada ya alasiri, barua ikaanza kuingia. Kipande. Kimya kirefu. Kipande kingine. Mashine ya kuchapisha ilipomaliza, Jaffar hakuweza kuisoma. Nilimsomea mimi.

"Jaffar mume wangu. Tumbo uliloliita kaburi lina mtu. Miezi miwili na nusu sasa. Sijamwambia hata mama, nimetaka wewe uwe wa kwanza. Mara tatu nakuandikia haya, mara tatu wanijibu hukupata kitu. Kama mtoto humtaki, sema humtaki. Siku utakayoniambia umemkubali, ndiyo siku nitakayokuwa radhi nawe. Neno moja tu lanitosha."

Mimi ni mmoja wa waliomwosha. Hatukujua. Tulizika wawili tukimwombea mmoja.

Ndugu yangu hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa, akavuta kibodi. Hakuhitaji barua ndefu. Maneno yake yangepita mlango wowote, siku yoyote, tangu Februari. Aliandika: "Nimeipata. Ni mwanangu. Niwieni radhi nyote wawili."

Akatuma. Kisha akapiga hodi moja, ile ndogo ya alama thelathini na mbili.

Sekunde kumi. Ishirini. Feni ya darini ilikuwa inazunguka. Thelathini. Arobaini.

Ikaitika.

Jaffar alishusha pumzi, akainama kulia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, maana ndiyo kazi niliyopewa. Chini ya mstari wa lile itikio ukatokea mwingine. Hodi ile ile, nambari yake ile ile, imeitikiwa mara ya pili. Nikaiandika mistari yote miwili, kisha nikamgusa bega.

Baada ya hapo alipiga hodi mpaka ofisi ikafungwa. Na kesho yake. Na mwezi mzima. Hakuna kilichorudi.

Jaffar aliacha kazi ya kompyuta, siku hizi ana duka la vyuma hapa Port Reitz, na hakuoa tena. Huja kwangu Ijumaa, akaketi, akaniuliza kama ile ilikuwa radhi. Moyo wangu hupasuka kila akiuliza. Fundi mmoja aliyekuja baada yake aliniambia kuwa hodi moja kuitikiwa mara mbili hutokea, ni hitilafu tu ya njia. Nikamtolea karatasi, nikamwomba aisome vizuri. Aliisoma, akanirudishia. Mstari wa kwanza umerudisha alama zote thelathini na mbili. Ule wa pili umerudisha tatu tu, kama mtoto mchanga anayejifunza kuitika.