Vidole vya Msusi

Maneno niliyasikia kwa jirani wakati tunaanika nguo: eti yule msusi wa saluni ya kona alilewa mbele ya wakubwa, akaachwa palepale mezani. Nilijaribu kuyapuuza, yakanikaa rohoni. Nami nina binti. Nikamwendea shangazi wa yule msusi, akanieleza yote.

Walikutana sokoni, kwenye msukumano wa watu. Kijana, karani wa bima mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikakolea, alikanyaga mfuko wa msusi, nywele za bandia zikamwagika.

"We kaka! Umekanyaga nywele za watu!"

"Samahani, dada. Wenyewe wako wapi?"

"Kuna kichwa kimekaa nusu kimesukwa, kinazisubiri."

Kijana akachuchumaa kuziokota, akaomba na namba ya simu. Kuanzia hapo simu haikupumua. "Umekula, wangu?" "Nitakulaje na mikono imejaa mafuta?" "Basi nije nikulishe." "Njoo, wateja wapate cha kusimulia."

Bosi wa kijana akamwalika chakula cha jioni, aje na mchumba wake. Kijana alikuwa anangojea kupandishwa cheo, akaingiwa na hofu. Akamkalisha msusi sebuleni na glasi ya mvinyo, ndani maji matupu.

"Shika hapa, kwenye mguu. Usikumbatie tumbo la glasi, mkono utapasha mvinyo joto."

"Kumbe mvinyo unadeka kuliko wewe!"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Siku ya mwaliko msusi alikuwa amesuka bibi harusi na dada zake tangu alfajiri. Vidole vilikufa ganzi. Hakusema, alitaka mpenzi wake afurahi. Akavaa gauni la kijani na viatu vya kuazima, akaenda akinukia vizuri.

Mezani alishika mguu wa glasi, ukamteleza. Akaogopa kuidondosha, akaikumbatia kwa mikono miwili, kama mtu na kikombe cha uji. Mke wa bosi akatabasamu. Kijana akaona lile tabasamu.

"Mniwie radhi," akasema huku anacheka, "huyu bado namfundisha."

Akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, kuvipanga kwenye mguu wa glasi, kama mtoto anayefundishwa kushika penseli. Meza nzima ikacheka. Msusi akaiweka glasi chini taratibu, akaaga, akaondoka. Tone halikugusa mdomo wake.

Kesho yake simu ikalia.

"Usinune, kipenzi. Wameshasahau. Tutafanya mazoezi tena."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya glasi."

Msusi akakata simu. Kijana akadhani ni kiburi. Msusi akajua anaonewa aibu. Wakakaa hivyo, kila mmoja na kilio chake, mpaka kijana akashindwa akaja saluni. Alimkuta ameloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, mwenzake anamfunga vifungo vya blauzi.

"Vidole vina nini?"

"Ganzi. Hata siku ile."

"Mama yangu! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umevishika mwenyewe. Hukuona vilivyokuwa vya baridi?"

Kijana akalia mbele ya wateja. Akasema atamwoa, hata wiki hiyo hiyo, cheo wampe mwingine.

"Nakupenda," msusi akasema. "Lakini tukikaa na watu utaniangalia mikono kwanza. Na mimi nitaanza kujiangalia. Sitaweza kuishi hivyo, baba."

Akamfuta machozi kwa khanga yake, akamsindikiza hadi mlangoni. Shangazi anasema kijana bado anampigia. Msusi hapokei. Hukaa na simu kifuani mpaka inyamaze.

Wanangu, mjiepushe na haya:

Kumrekebisha mpenzi wako mbele za watu.

Kumcheka wako ili bosi acheke.

Kuficha maumivu kwa kuogopa kuwa mzigo.

Kubembeleza kabla hujauliza umekosa nini.

Kumsema mtu kalewa na hukuwepo.