Tabaga Iliyorudi Tupu

Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka Luzira. Nilikuwa garini mbele ya lango la Hajati Sumayiya, nimepakata keki ya Idi kutoka Kabalagala, nilipomwona Yasiin akiingia na tabaga niliyoifahamu vyema.

Tabaga ni sinia la ukindu wa rangi linalofumwa kwa mkono na wanawake wa Kinubi. Hii ilikuwa na ukingo mwekundu. Idi iliyopita Hajati alinipakulia nyama juu yake niende nayo nyumbani.

Kaltumi, binti yake, alikuwa ameniandikia usiku: "Wazee wa Yasiin waliokuja kuniposa wanajibiwa leo baada ya Alasiri. Kama bado unanitaka, njoo kabla yao."

Tulikuwa tumependana miaka miwili. Tangu Idi ile simu zake zilipoa, nami niliyelelewa bwenini tangu utotoni sikuona heshima katika kubembeleza majibu. Sasa jibu lilikuwa mikononi mwa mwanamume mwingine. Nikashuka.

"Yasiin," nilimwita uani. "Hiyo tabaga umeipata wapi?"

Aligeuka bila haraka. Ni mtu wa malori ya Port Bell, hakuna kinachomharakisha.

"Idi njema kwanza, kiranja. Hajati alinipa chakula juu yake. Naileta na ukindu kutoka Arua. Hii rangi ya zambarau alikuwa ameikosa sokoni."

Wivu ulinichoma. Alijua hata rangi aliyoikosa Hajati.

"Ilikuwa kwangu."

"Ukairudisha. Mtaa mzima unajua ulivyoirudisha."

Kaltumi alitoka jikoni akijifuta mikono. Nikamgeukia.

"Kwa hiyo ni kweli. Kilichokuwa changu amepewa huyu."

"Latifu, uliirudisha kesho yake asubuhi."

"Nikiwa nimeiosha. Shuleni tulifundishwa kurudisha kitu cha mtu mapema, tena kikiwa safi."

"Safi na tupu. Kwetu hapa, anayerudisha tabaga tupu amesema hataki kula tena katika nyumba hiyo. Mama aliingia chumbani akalia. Mimi nikadhani umenichoka, umeona aibu kuniambia kwa mdomo."

"Ungeniuliza."

"Nawe ungeuliza kwa nini nimenyamaza. Miezi miwili, banange. Hata 'Kaltumi, una nini' hukuandika."

"Nilidhani una mtu."

"Sikuwa naye. Kiburi chako ndicho kilichomfungulia lango."

Yasiin alikohoa. "Na mimi nimesimama hapa nasikia."

"Nani anabishana na wageni siku ya Idi?" Hajati alitokea barazani.

"Idi mubaraka, Hajati," nilisema, nikamnyooshea keki.

"Asante, mwanangu. Weka pale."

Pale palikuwa na keki nyingine tatu, zote zimeandikwa jina lake kama yangu. Lakini ukindu wa Yasiin Hajati aliupokea kwa mikono miwili, akaanza kuupima urefu papo hapo.

Ndipo nilipokumbuka maneno yake ya Idi iliyopita: kwamba tangu marehemu mumewe alipohamishwa na jeshi kutoka Kitgum, hajaonja tena odii ya kweli, ule ufuta wa kusagwa wa kaskazini. Kopo zima lilikuwa ndani ya buti ya gari langu. Shangazi Amony alikuwa amelituma kwa basi kutoka Gulu, nami nikaliona duni mno kwa sikukuu. Nikatoka kulichukua.

"Hajati," nilisema niliporudi, "naiomba tabaga."

"Leo ni zamu yangu, kiranja," alisema Yasiin.

"Ukindu wako umepokelewa. Deni langu limetangulia lako."

Niliweka kopo katikati ya ukingo mwekundu, nikampa Hajati kwa mikono miwili. Alifungua, akachota kwa kidole, akaonja.

"Nani amesaga?"

"Shangazi yangu wa Gulu."

"Anajua kazi." Alimeza. "Mbona hukuileta siku ile?"

"Sikujua kwamba tabaga inadai kitu, Hajati. Ningejua, isingerudi tupu."

Alimtazama binti yake. "Kaltumi, mimi nilikasirika kwa niaba yako. Sasa sema mwenyewe."

Kaltumi alimkabidhi mama yake kopo, akaingia na tabaga jikoni, akarudi nayo imejaa wali na nyama. Alimpita Yasiin, akaniwekea mikononi.

"Hii utairudisha lini?"

"Siku nitakayokuja na wazee wangu."

"Ukiiosha kesho asubuhi ukaileta tupu, nitakufungia lango mwenyewe."

Yasiin aliitazama ile tabaga kama nilivyoitazama mimi nikiwa garini. Nilimwelewa, wala sikumhurumia.

"Yasiin, kaa ule," alisema Hajati. "Wazee wako nitawajibu mwenyewe. Kwa ukindu huu nitakufumia tabaga mpya, tusidaiane." Kisha akalifunga kopo kwa kifuniko chake, akaligonga juu mara moja. "Nawe Latifu, deni la Idi iliyopita limelipwa."