Chungu cha Midomo Miwili

"Dada, chungu yangu imetoka kwa moto?"

"Imetoka jana, nyabo. Haina ufa hata mmoja."

Naigaga alikuwa ameibana simu begani, mikono imejaa udongo. Karakana yake iko Kimaka, Jinja: gurudumu la kufinyangia, tanuri nyuma ya nyumba, na rafu za vikombe na sahani zinazonunuliwa na hoteli za mjini. Lakini kilichokuwa mezani asubuhi hiyo hakikuwa cha hoteli. Kilikuwa chungu cha mapacha, tumbo moja na midomo miwili, kile ambacho baba na mama hukinywea pamoja siku ya kuwatoa watoto nje. Si kazi ya mchezo. Shingo moja ikikauka kabla ya mwenzake, tanuri linakipasua, na vingine vilikuwa vimeshampasukia kabla ya hiki.

Mteja mwenyewe alikuwa Nambozo, mwanamke wa Mbale aliyeona kazi zake Facebook. Walikuwa hawajawahi kuonana.

"Basi iweke kwa basi, dada. Nitatuma boda aichukue."

"Nilikuambia toka mwanzo. Chungu ya mapacha siwezi kumpa boda. Nampa baba wa watoto, mkononi. Shangazi Gorreti ndiye alinifundisha kazi, na alinifundisha hivyo."

"Najua. Maneno yako yametuhangaisha sana hapa nyumbani. Lakini sasa baba amepatikana."

"Amepatikana? Kwani alikuwa amepotea?"

Nambozo alishusha sauti.

"Mambo ya familia, dada. Leo mchana atakuwepo. Njoo nayo mwenyewe, tafadhali bambi."

"Anaitwa nani, nijue nampa nani?"

"Odero. Griffin Odero. Ni Mkenya, dereva wa trela."

Kikombe kilichokuwa kikizunguka kwenye gurudumu kilipinda, kikaanguka upande. Naigaga hakukigusa.

Ewe msomaji, Griffin Odero ndiye mchumba aliyetakiwa kuja Jumamosi hiyo kwa baba yake Naigaga, Bugembe hapohapo Jinja, na wazee wake na zawadi zake, kwa kwanjula, sherehe ya kutambulishwa. Hema lilishakodiwa. Shangazi Gorreti alishashona gomesi ya kuvaa siku hiyo, na majirani wote walishaiona.

Naigaga alifuta mikono, akaandika ujumbe.

"Uko wapi mpenzi?"

Jibu likaja upesi, kama mtu aliyekuwa ameshika simu akilisubiri swali.

"Malaba, hapa mpakani, mamii. Foleni imekaza leo. Nitakupigia jioni."

"Isalimie foleni," akaandika, kisha akampigia shangazi.

"Shangazi, Griffin ana mapacha Mbale."

"Nani kasema?"

"Mama yao."

"Banange! Usiende huko. Mpigie simu umuulize."

"Nikimpigia atanipa foleni nyingine. Nataka anijibu akiwa ananitazama."

"Na chungu?"

"Nakwenda nacho. Si ulinifundisha nimpe baba mkononi? Leo nitampa."

Mchana alikuwa Namakwekwe, Mbale, anashuka kwenye boda na chungu kimefungwa ndani ya blanketi. Alikuwa na hasira ya kutosha kuchoma matofali. Njia nzima alikuwa amepanga matusi, ya Kisoga, ya Kiganda na ya Kiswahili, na ya Kiswahili ndiyo yaliyomtoka vizuri zaidi.

Nambozo alimpokea mlangoni, mtoto mmoja kifuani. Alikuwa msichana mwembamba, macho yamevimba. Naigaga alitafuta matusi ya kumpa, hayakuja.

Ndani ya chumba kile cha kupanga, mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi kwenye kiti, amempakata mtoto wa pili. Pembeni, kwenye ukingo wa kitanda, Griffin ameinamisha kichwa. Alipokiinua, akasimama kama aliyeungua.

"Naigaga?"

"Foleni ya Malaba imeisha haraka."

"Naigaga, nisikilize..."

"Griffin, huyu ni nani?" mama aliuliza. Alikuwa Phanice, mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Kenya.

Naigaga alimpigia magoti kumsalimia. Alikuwa na hasira, lakini alivyolelewa hakuweza kumsalimia mtu mzima akiwa wima.

"Mimi ni mfinyanzi, mama. Nimeleta chungu. Nionyesheni baba wa watoto nimkabidhi, nirudi kwangu."

"Baba ndiye huyo. Griffin, pokea."

Mikono ya Griffin haikusogea.

"Mama, nilikuambia tangu siku ya mazishi kwamba hili siliwezi."

"Mazishi ya kaka yako yanaingiaje hapa?" Naigaga aliuliza.

Hapo Nambozo akaanza kulia.

"Dada, nisamehe. Nilikuficha. Baba wa hawa watoto ni Gordon, kaka yake Griffin. Alikufa kabla hawajazaliwa. Niliogopa kukuambia. Nilifikiri utakataa kutengeneza chungu ya mtu ambaye amekufa. Halafu wewe ukasema bila baba hutoi chungu. Ndipo mama akasema tena, basi Griffin asimame kwa nafasi ya kaka yake."

"Asimame vipi?"

Phanice ndiye aliyejibu.

"Kwetu kaka akifa, mdogo wake anashika nyumba. Akipokea hiki chungu mbele yetu na kukinywea, mke ni wake na watoto ni wake."

Naigaga alijua Gordon amekufa. Hakwenda kwenye mazishi kwa sababu alikuwa bado hajatambulishwa, na mchumba ambaye hajatambulishwa hatokei msibani kwa wakwe. Lakini ujauzito wa mjane hakuambiwa. Kwa hiyo Griffin hakuwa na mapacha! Furaha ilimpanda, ikamfia hapohapo. Ni sharti lake mwenyewe lililomkalisha mwanaume wake kwenye kitanda hiki. Kama angemkubalia yule boda, Griffin asingeitwa.

"Pokea," Phanice alisema tena. "Ukikataa, Jumamosi usinihesabu. Nenda huko Jinja ukajitambulishe kama yatima."

Griffin alimtazama Naigaga. Alitaka asaidiwe, na hilo ndilo lililomuudhi Naigaga kuliko uongo wa Malaba. Alifungua blanketi, akakiinua chungu kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Hiki hapa."

"Naigaga, wewe unajua moyo wangu..."

"Leo mimi ni mfinyanzi. Sikuamulii. Pokea au kataa, lakini usinitazame mimi."

Chungu kilikuwa kizito. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku yoyote ya kufungua tanuri, kwa sababu chungu kikipasuka unafinyanga kingine. Alihesabu pumzi zake asilie mbele ya mwanamke aliyetakiwa kuwa mkwe wake. Mtoto mmoja alikohoa.

Griffin akarudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Sipokei."

"Griffin!"

"Sipokei, mama. Mimi ni baba mdogo wao. Nitawalisha, nitawasomesha, wakiugua nitakesha nao. Lakini mimi si Gordon, na sitalala kwenye kitanda cha Gordon. Mke wangu ni huyo aliyebeba chungu."

Phanice alimgeukia Naigaga polepole.

"Huyu? Huyu ndiye wa Jumamosi?"

"Ndiye."

"Kumbe! Wewe ndiye uliyetaka baba! Umetusumbua, baba, baba, lazima baba. Sasa tumekupa baba, unamchukua wewe?"

Mama wa watu alikuwa amesema kweli tupu.

"Mama," Nambozo akaingilia, akijifuta pua kwa kanga, "na mimi kuna mtu ameniuliza? Griffin ni shemeji yangu, namheshimu. Lakini simtaki. Hata mkimfunga kamba mkamleta, simtaki."

Griffin alikohoa. Kukataliwa mbele ya watu, hata na mwanamke usiyemtaka, kunauma kidogo.

Lakini Phanice hakucheka. Uso wake ulikunjamana, akaanza kulia bila kujificha.

"Na mtoto wangu je? Hawa wakikua wakaniuliza, nani alinywa upande wa baba yetu, nitawaambia hakuna mtu? Nitawaambia mdomo wa Gordon ulibaki mkavu?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa likimtesa. Hasira yote ya Naigaga ikaisha. Alipiga magoti tena, mara hii mbele kabisa ya kile kiti.

"Mama, nani alimzaa Gordon?"

"Si mimi?"

"Basi pokea wewe. Mdomo huu ni wa Nambozo, na huu wa pili ni wa Gordon. Unywee mwanao."

"Inaruhusiwa?"

"Shangazi yangu hakunifundisha hivi. Lakini chungu nimefinyanga mimi, na leo nimeamua hivi."

Phanice akampa Griffin mtoto. Akashika chungu kwa mikono miwili. Nambozo akatia maji, naye akampa Griffin mtoto wa pili. Wanawake wale wawili wakainama, kila mmoja na mdomo wake, wakanywa. Phanice alipoinuka alisema, "Gordon," mara moja tu.

Naigaga alitoka nje akajifuta macho. Griffin akamfuata baada ya kuwarudisha watoto kwa mama yao.

"Niliogopa kukuambia," alisema.

"Sijakuuliza uliogopa nini. Nilikuuliza uko wapi."

"Nilidhani ukisikia wananirithisha mjane utaondoka."

"Labda ningeondoka. Ningekuwa nimeondoka kwa ukweli. Wewe umenipakiza kwenye gari mpaka hapa nikiamini una watoto wa siri. Unajua njia nzima nilikuwa nakupangia matusi?"

"Nisamehe."

"Jumamosi Shangazi Gorreti atakuuliza mbele ya hema zima kama kuna jambo lolote kwenu hatulijui. Utasema nini?"

"Nitasema yote. Hata Malaba nitaisema."

"Na mama yako asipokuja?"

Griffin alitazama chini. Wote wawili walijua kwamba bila mama hakuna kwanjula. Wazee wa Bugembe hawampokei mwanaume aliyekuja bila watu wa kwao.

Mlango ukafunguka. Phanice alitoka na mtoto mmoja akipiga kelele, akaenda moja kwa moja hadi kwa Naigaga, akampa.

"Shika huyu, mwenzake ananyonya. Na uingie ndani. Mama mdogo wa watoto hasimami nje kama mgeni."

Naigaga alimpokea mtoto, akamweka begani, akalia tena, sasa bila aibu. Kisha akamgeukia Griffin.

"Wewe bado sijamaliza na wewe," alisema, akaingia ndani.