Mchuzi wa Nyama Mbichi

Kila siku ya shule, jioni ya nyumba ile ilianza kwa ugomvi. Mabegi yalitupwa kwenye kochi, viatu vikavuliwa mlangoni, na kabla soksi hazijafika kwenye beseni, Kiberiti na Meneja walikuwa wameshashikana kwa maneno.

Kiberiti alikuwa msichana wa darasa la sita. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu aliwaka upesi. Meneja alikuwa mvulana wa darasa la saba, mtoto wa baba wa kambo wa Kiberiti. Alihamia pale na baba yake mwanzoni mwa mwaka, na tangu siku ya kwanza alitoa amri kama mwenye nyumba: taa hii izimwe, mlango ule ufungwe, nani ameacha bomba linavuja? Kiberiti ndiye aliyembandika jina la Meneja, na hakulibandika kwa mapenzi.

Mtu pekee waliyempenda wote wawili alikuwa Kitinda, mdogo wake Kiberiti, mtoto wa miaka minne. Wiki hiyo alikuwa ametoka hospitalini kwa ugonjwa wa tumbo. Mashavu yalikuwa yamemwisha, suruali ilimshuka kila akikimbia.

Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kiwanda cha kushona nguo, Mama alikuwa amekata nyama ya nguruwe vipande vyembamba. Aliiloweka kwenye bakuli lenye kitunguu saumu, tangawizi, limau, asali na sosi ya soya, akaifunika na kuiweka kwenye friji. Chakula cha jioni kingekuwa chepesi kuandaa: washa mkaa, choma nyama, pika wali, kaa mezani.

"Leo anachoma Meneja," Mama alisema alipofika, hata mkoba hajautua.

"Kwa nini, Mama? Kuchoma ni kazi yangu!"

"Ilikuwa yako. Wiki iliyopita uliliacha jiko ukaenda kumfokea mwenzako sebuleni, tukala makaa. Leo wewe pika wali."

Meneja alichukua koleo la kugeuzia nyama akalichezesha hewani, *ta, ta, ta*. "Umesikia? Kaa mbali na jiko langu. Usije ukalipua nyumba."

"Jiko lako? Ulikuja nalo kwenye begi?"

"Wali unaungua, dada."

"Mimi si dada yako!"

Wali haukuwa unaungua. Lakini Kiberiti aliufunika kwa kishindo, kisha akaja kusimama kwenye mlango wa uani, mikono kifuani, akimsubiri adui yake akosee.

Meneja hakukosea. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alitandaza vipande kwenye wavu, akavigeuza kwa wakati, akakata kimoja katikati kuona kama kimeiva mpaka ndani. Kilikuwa kimeiva. Akavipakua kwenye sahani safi. Kisha akakunja uso, kwa kuwa nyama ilionekana kavu. Akachukua bakuli lile lililokuwa na nyama mbichi, na maji yote ya viungo yaliyobaki akayamimina juu ya nyama iliyoiva.

Kiberiti aliona. Na alijua. Mama alimwambia siku ile alipomfundisha kuchoma: "Maji haya yameshinda na nyama mbichi, basi nayo ni mabichi. Ukitaka yawe mchuzi, yachemshe kwanza."

Neno lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza. Angesema nini hapa uani, bila shahidi? Afadhali mezani, mbele ya Baba na Mama. Hapo ndipo Meneja angeanguka, tena kifudifudi. Kiberiti alitabasamu akaenda kupakua wali.

"Lo, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi!" alisema Baba walipoketi mezani, mikono yake ya fundi wa magari ikinukia sabuni. "Mwanangu, umeiva kuliko nyama yenyewe."

Meneja alivimba kwa furaha. Mama akachagua kipande laini kuliko vyote, kilicholowa mchuzi, akakiweka kwenye sahani ya Kitinda. "Aanze huyu. Hajaonja nyama tangu hospitalini."

Kiberiti hakuwa amelifikiria hilo. "Msile!" alipiga kelele. "Amemwagia maji ya nyama mbichi!"

Uma za wote zilisimama. Kisha Baba akaguna. "Wivu huo."

"Ni kweli, Mama! Nimemwona!"

"Juzi ulimwona akitia sabuni kwenye ndoo ya maji ya kunywa," Mama alisema kwa sauti ya baridi. "Nikamwaga ndoo nzima, na bomba halitoi. Maji yalikuwa safi. Jana ukasema amempiga Kitinda, na Kitinda mwenyewe akakukana. Leo ni nyama?"

"Lakini leo ni kweli!"

"Kwako kila siku ni kweli."

Kitinda, ambaye magomvi ya wakubwa hayakumpunguzia njaa, alichoma kipande chake kwa uma na kufungua mdomo. Kiberiti aliruka. Aliunyakua uma, akaivuta sahani kifuani, wali ukamwagika mezani na sakafuni. Mtoto akaangua kilio.

Mama alisimama. "Rudisha sahani."

"Sirudishi."

"Nimesema rudisha!"

"Nichape, Mama. Lakini sirudishi!"

Baba alimgeukia mwanawe. "Hebu tumalize. Ulimimina, au hukumimina?"

Kiberiti aliikumbatia sahani. Mvulana yule angesema "sikumimina", na nani angemtilia shaka? Meneja alimtazama Kiberiti kwa macho yasiyo na urafiki hata chembe. Kisha akamtazama Kitinda, na ile suruali inayomshuka.

"Nilimimina," alisema. "Nyama ilikuwa kavu. Sikujua kama ni vibaya." Akamwelekezea Kiberiti kidole. "Ila yeye alijua! Alikuwa mlangoni ananiangalia. Tena alikuwa anatabasamu."

Sasa macho yote yalihamia kwa Kiberiti.

"Ulikuwa mlangoni?" Mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbona hukumwambia palepale?"

Kiberiti aliinamisha kichwa. "Nilitaka mmwone akiumbuka."

Mama hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kofi. "Nyama yote irudi motoni mpaka mchuzi huo uchemke na kukauka juu yake. Wali uliolowa na uliomwagika, tupeni. Sahani na uma zioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Nyote wawili. Haya!"

Walisimama kando ya jiko kama majirani wenye kesi.

"Ungeniambia tu," alisema Meneja.

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza."

"Si unaona?"

"Lakini ungeniambia."

Mchuzi ulichemka, ukatoa mvuke, ukagandia kwenye nyama. "Geuza hicho cha pembeni," Kiberiti alisema mwishowe. Meneja akakigeuza bila kubisha.

Waliporudi mezani, Mama aliwazuia kukaa.

"Meneja, kutojua si kosa. Kosa ni kujifanya unajua kila kitu. Uliza. Nawe Kiberiti, ulikuwa na ukweli mkononi, ukauficha ili upate watazamaji, na mdogo wako alikuwa karibu kurudi hospitalini. Kisha ulipousema hatukuusikia, kwa sababu umetulisha uongo wiki nzima. Aliyekuokoa leo ni huyu unayemchukia, kwa sababu yeye alisema kweli hata ilipomuumbua. Nyama tumeirudisha motoni imekuwa salama. Imani yangu kwako haina jiko. Utairudisha wewe, kwa kusema kilichopo, kama kilivyo, na kwa wakati wake. Kaeni mle."

Walikula. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno, na hakuna aliyecheka. Ni Kitinda tu aliyelamba vidole mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Tamu!" alisema. "Nani kachoma?"

Kiberiti alimtazama Meneja, ambaye alikuwa ameinamia sahani yake akisubiri kuporwa sifa. Neno lilimfika tena kwenye ulimi, lakini safari hii hakulimeza.

"Yeye," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza kama ni kweli.