Insha ya Mulki

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, Mwalimu Wekoye, aliyetufunza Kiingereza, alituagiza tubadilishane madaftari. Kila mmoja alisahihisha insha ya jirani yake kwa kalamu nyekundu. Mwaka huo wa 2004 tulikuwa darasa la saba mjini Kitale, na mimi, Ciru, nilijiona gwiji. Ijumaa moja nilipata daftari la Mulki, rafiki niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la nne.

Mulki alisumbuliwa na vile vijineno vya Kiingereza kama 'the' na 'at'. Mara aliviruka, mara alivitia pasipotakikana. Nilizungushia kila kosa duara. Yalipofika thelathini na moja, nilisimama nikawasomea wenzangu insha yote kwa madaha. Darasa likaangua kicheko. Mulki aliinamia dawati.

Tangu hapo akawa anaandika mistari mitatu tu. Hata katika mtihani wa muhula aliandika sentensi tatu fupi zisizo na kosa, akapata alama nne kati ya arobaini. Akiendelea hivyo, angerudia darasa.

Mwalimu Wekoye aliniita ofisini, akafungua lile daftari.

"Ciru, hii insha inasema nini?"

Nikaanza kutaja makosa.

"Sijauliza makosa. Inasema nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeisoma mara mbili, na sikujua. Akanipa niisome tena. Mulki alikuwa ameandika kuhusu mama yake, aliyelazwa hospitalini Bungoma. Yeye ndiye aliyewapikia wadogo zake uji kila alfajiri, na kitinda mimba wao hakupata usingizi bila kukumbatia leso ya mama. Nililia pale pale.

Nilimkuta Mulki bombani, nikamwomba msamaha.

"Si ungesoma tu, Ciru," alisema. "Nilikuwa nataka mtu ajue."

Alinisamehe. Mama yake pia alipona, akarudi nyumbani. Kila jioni tulibaki darasani, yeye akiandika, nami nikimweleza kwanza nilichoelewa, ndipo tuangalie makosa. Mwisho wa mwaka alipata alama ishirini na sita, akaingia darasa la nane. Lakini habari za kwao hakuziandika tena.

Nilimweleza mwalimu jambo hilo, nikitumaini atanifariji.

"Vijineno hufundishika," alisema taratibu. "Lakini mtu akishaogopa kusema la moyoni, mimi sina somo la kumrudishia ujasiri. Ukipewa maneno ya mwenzako, Ciru, msikilize kwanza."